Joseph Kavaruganda, jaji aliyefuatwa alfajiri

NILIFIKA Petite Barrière saa moja asubuhi, maji ya mvua ya usiku yakiwa bado yametuama barabarani. Ilikuwa Aprili, mwaka mmoja kabla ugonjwa wa korona haujaja kufunga mipaka. Wanaoujua mji wa Gisenyi, ulioko katika Wilaya ya Rubavu, watakubaliana nami kuwa mji huo na Goma ya Kongo ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Vivuko vikubwa ni viwili. Kimoja ni Grande Barrière, karibu na Ziwa Kivu, wanakopita wenye magari na pasipoti. Kingine ni hiki kidogo, ambacho kwa jina tu ndicho kidogo, maana ndicho kinachopitisha makumi ya maelfu ya walalahoi kwa siku, kila mmoja na mzigo wake kichwani.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja na beseni la nyanya. Karani mmoja, wa upande ambao sitautaja, alimdai ushuru. Mama akasema ushuru huo haumo katika orodha iliyobandikwa ukutani. Orodha ilikuwapo kweli, kwa Kifaransa, wino wake umeanza kupauka. Mama hakujua kusoma. Akamwita kijana wa shule aliyekuwa nyuma yetu, akamwomba amsomee kwa sauti, mstari kwa mstari. Nyanya hazikuwamo. Karani akadai kuna neno pale chini linalozijumuisha. Kijana akasema, kwa adabu zote, kuwa neno lile linahusu mazao ya magunia. Watu wakacheka, foleni ikanung'unika, na shefu akampisha mama na nyanya zake.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini nilikaa nalo siku nzima. Karatasi ya ukutani haina mdomo. Ina maana kwa mnyonge pale tu anapopatikana mtu wa kuisoma kama ilivyoandikwa, mbele ya mwenye nguvu anayetaka isomwe vingine. Katika nchi, kazi ile ya kijana wa shule hufanywa na mahakama. Na katika nchi hiyo hiyo ya Rwanda alikuwapo mtu aliyeifanya hadi ikamgharimu maisha. Jina lake ni Joseph Kavaruganda.

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha tatu, Bukoba. Tuliisikia habari ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kupitia redio ya mwalimu wa zamu. Ilitunguliwa usiku wa Aprili 6 ikikaribia kutua Kigali, ikitoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa marais wa kanda yetu. Kesho yake yakaanza kusomwa majina ya waliouawa. Jina la Waziri Mkuu, Mama Agathe Uwilingiyimana, tulilifahamu. Mawaziri tuliwasikia juu juu. Kisha akatajwa rais wa Mahakama ya Katiba. Mmoja wetu akauliza jaji amewakosea nini wanajeshi hata wamfuate nyumbani kabla hakujapambazuka. Mwalimu hakuwa na jibu. Jibu nililipata nikiwa mtu mzima, na ndilo ninalotaka kukusimulia leo, msomaji wangu.

Kavaruganda alizaliwa mwaka 1935, Rwanda ikiwa chini ya Wabelgiji. Alikuwa miongoni mwa Wanyarwanda wachache wa rika lake waliopata elimu ya juu ya sheria, na aliipata Ubelgiji. Hakuwa mpiganaji wa msituni wala mwanasiasa wa majukwaani. Alikuwa mtu wa mafaili. Tusimpambe kwa rangi zisizo zake: alipanda ngazi za mahakama chini ya utawala ule ule wa Habyarimana, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi ya Julai 5, 1973. Kwa miaka mingi aliitumikia dola ambayo kwa kweli haikuwa imezoea kuambiwa hapana na jaji.

Katiba ya Rwanda ya Desemba 1978 ilimfanya kila raia kuwa mwanachama wa chama kimoja, MRND, atake asitake. Ndiyo pia iliyoiunda Mahakama ya Katiba, kwa kukutanisha mahakama mbili za juu kabisa za nchi: ile ya kuhakiki hukumu, yaani Cour de cassation, na ile ya mashauri ya serikali, yaani Conseil d'État. Kazi yake ilikuwa kupima sheria kama zinalingana na katiba. Mbele yake pia ndipo wakuu wa nchi walipokula kiapo. Kwa maandishi, raia wote walikuwa sawa bila kujali kabila.

Lakini kila Mnyarwanda mtu mzima alibeba mfukoni kitambulisho kilichoandikwa kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtindo huo uliletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na serikali za uhuru ziliurithi bila kuugusa. Kulikuwa na migao ya kikabila katika shule na kazi. Basi katiba ilisema hivi na kitambulisho kikasema vile, na aliyefuatwa kila siku ni kitambulisho. Mahakama ya mfumo wa chama kimoja haikuwa na nguvu ya kuziba ufa huo, nami sina ushahidi kwamba Kavaruganda wa miaka hiyo alijaribu.

Mambo yalianza kubadilika Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF walipoingia kutoka Uganda. Vita na shinikizo la nje vikaleta Katiba mpya ya Juni 10, 1991, iliyoruhusu vyama vingi. Baada ya mazungumzo marefu, Agosti 4, 1993, yakatiwa saini makubaliano ya amani mjini Arusha.

Hapa naomba tuende taratibu, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari hii. Makubaliano ya Arusha hayakuwa tu ahadi ya kusimamisha bunduki. Yalisema wazi kwamba yenyewe pamoja na Katiba ya 1991 ni kitu kimoja kisichotenganishwa, ndiyo Sheria ya Msingi ya kipindi cha mpito. Yaliorodhesha vifungu vya katiba vilivyofutwa na kuwekewa vingine. Yakaongeza kwamba pale maandishi hayo mawili yanapogongana, neno la Arusha ndilo linaloshinda. Na kazi ya kuhakikisha kuwa sheria za nchi zinalingana na Sheria hiyo ya Msingi yaliikabidhi Mahakama ya Katiba, ile aliyokuwa akiiongoza Kavaruganda.

Ndani ya kurasa zile mlikuwa na kifungu kimoja ambacho wengi hawakijui. Kilisema Serikali ya Mpito, tangu siku itakaposhika madaraka, itaondoa kabila katika hati zote rasmi zitakazotolewa. Kwa maneno mengine, haki ya raia wa kawaida kutojulikana kwa kabila lake mbele ya askari ilifungwa kwenye siku moja tu: siku ya kiapo cha serikali hiyo. Na kiapo kilipita mbele ya Mahakama ya Katiba.

Januari 5, 1994, Habyarimana alikula kiapo cha urais wa mpito katika jengo la Bunge mjini Kigali. Serikali na Bunge la Mpito, ambavyo vilitakiwa kufuata, havikuapishwa. Vyama viwili vya upinzani, MDR na PL, vilikuwa vimepasuka, na kila upande ulileta majina yake. Upande mmoja ulikuwa wa waliotaka Arusha itekelezwe. Upande wa pili ulikuwa umeegemea kundi la Wahutu wenye siasa kali. Baadaye ukaongezeka ugomvi wa kiti cha chama cha CDR, kilichokuwa kimeyapinga makubaliano yenyewe. Kati ya Januari na Machi sherehe zilipangwa mara kadhaa, wageni wakaalikwa, kisha zikaahirishwa.

Katika mvutano huo Kavaruganda alichukua msimamo wa mtu wa mafaili. Hakukubali kupokea viapo kwa orodha zilizochezewa ili kumfurahisha mkubwa. Kwake, mwenye haki ya kuapa ni yule aliyepatikana kwa utaratibu uliokubaliwa Arusha.

Wapo waliouliza wakati ule, na wapo wanaouliza hadi leo, kama asingekuwa na busara zaidi kulegeza kamba. Serikali yoyote si ingekuwa bora kuliko pengo? Swali hilo si la kijinga, na nimelitafakari sana. Lakini kumbuka majina yaliyokuwa yakisukumwa yalikuwa ya watu gani. Kuwaapisha kungewapa waliotaka kuizika Arusha kura za kuizika kutoka ndani, tena kwa muhuri wa mahakama. Jaji anaposoma maandishi kinyume cha yanavyosema ili amani ipatikane, anawafundisha wakubwa kwamba maandishi yote yanaweza kusomwa kinyume, na hiyo amani huwa haichukui muda kumrudia anayeihitaji kuliko wote.

Msema kweli hana wajoli. Machi 1994 Kavaruganda alimwandikia Rais Habyarimana barua akilalamikia vitisho alivyokuwa akipata kutoka kwa watu wa usalama. Hebu fikiria: mkuu wa mahakama ya juu anamwandikia mkuu wa nchi kumshtakia walinzi wa mkuu huyo huyo. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kimihurura, walikokaa wakubwa wengi, na askari wa Umoja wa Mataifa wa kikosi cha UNAMIR walikuwa wamewekwa kuilinda.

Alfajiri ya Aprili 7, saa chache baada ya ndege kuanguka, askari wa Kikosi cha Walinzi wa Rais walifika nyumbani kwake. Walinzi wa Umoja wa Mataifa hawakuwazuia. Jaji akachukuliwa, akauawa. Mkewe na watoto waliteswa, lakini wakapona. Asubuhi hiyo hiyo waliuawa Waziri Mkuu Uwilingiyimana na askari kumi wa Kibelgiji waliopelekwa kumlinda, pamoja na mawaziri Frédéric Nzamurambaho, Landoald Ndasingwa na Faustin Rucogoza.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi mwenzangu wa Bukoba. Jaji aliwakosea nini? Yatazame majina kwa makini. Rais akifa, Arusha ilisema nafasi yake ishikwe kwa muda na Spika wa Bunge la Mpito. Waliotajwa sana kwa kiti hicho walikuwa Ndasingwa na Félicien Ngango, na wote wawili waliuawa. Serikali iliyokuwapo iliongozwa na Uwilingiyimana, naye akauawa. Aliyekuwa na mamlaka ya kusema nani anastahili kuapa na kwa maandishi gani ni Kavaruganda. Waliotaka nchi walijua kwamba risasi peke yake haitoshi. Walihitaji serikali, na serikali inahitaji kiapo. Ilibidi msomaji wa sheria aondoke kwanza ndipo sheria isomwe upya.

Na ilisomwa upya kweli. Siku mbili baadaye, Aprili 9, serikali mpya iliapishwa. Spika wa Bunge la zamani, Théodore Sindikubwabo, akawa Rais, na Jean Kambanda akawa Waziri Mkuu. Walijitetea kwa Katiba ya 1991 pekee, kana kwamba Arusha haikuwahi kuwapo. Maandishi yale ambayo mkataba ulisema hayatenganishwi yalitenganishwa kwa panga.

Kilichofuata dunia inakijua. Ndani ya siku mia moja waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya Rwanda, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu huo. Vizuizi viliwekwa kila njia panda, na Wanyarwanda waliviita kwa neno lile lile la Kifaransa, barrière. Pale mtu aliulizwa kitambulisho. Mstari mmoja wa kabila, ule ambao Arusha iliamuru ufutwe, uliamua nani apite na nani asipite. Sisemi kwamba kiapo cha Januari kingebadilisha vitambulisho vyote kufikia Aprili. Miezi mitatu ni michache mno. Ninachosema ni kwamba haki ile ilikuwa imeandikwa tayari, ikangojea kiapo, na waliozuia kiapo ndio waliokuja kuutumia mstari ule.

Ndiyo maana nilisema nilimkumbuka Kavaruganda nikiwa Petite Barrière. Habyarimana alitoka mkoa huu wa Gisenyi, na Kanali Théoneste Bagosora vilevile. Serikali ile iliyoapishwa Aprili 9 ilihama Kigali siku tatu baadaye kwenda Gitarama, na Juni ikahamia hapa Gisenyi. Katikati ya Julai, RPF ilipokaribia, watu wapatao milioni moja walivuka kuingia Goma kwa siku chache, wakiwa na magodoro, mbuzi na watoto mgongoni. Wakubwa wa serikali ile nao wakatokea mpaka wa upande huu. Walioikataa Arusha kwa kisingizio cha katiba waliondoka bila katiba wala nchi, wakawaacha wananchi wafe kwa kipindupindu kwenye mawe ya volkano.

Haki ilikuja kwa mwendo wa kobe, nayo ilikuja kupitia Arusha ile ile. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipewa makao katika mji huo. Kambanda alikiri makosa na Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Desemba 2008 Bagosora alihukumiwa maisha, na kuuawa kwa Kavaruganda kulikuwa sehemu ya hukumu hiyo. Mwaka 2011 rufaa ilimpunguzia hadi miaka 35, naye akafariki Mali mwaka 2021. Umoja wa Mataifa nao ulichunguzwa, na ripoti ya Desemba 1999 ilikiri kushindwa kwake, ikiwamo kushindwa kuwalinda viongozi waliowekewa walinzi wake. Mjane wa jaji, pamoja na jamaa wa Ndasingwa, walidai shirika hilo liwajibike.

Tusidhani haya ni ya Rwanda tu. Uganda ilikuwa na Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo aliyekuwa Mganda. Septemba 1972 mahakama yake ilimwachia Mwingereza aliyeshikiliwa na jeshi kinyume cha sheria. Siku chache baadaye askari wa Idi Amin wakamtoa mahakamani mchana kweupe, na mwili wake haukuonekana tena. Kwetu Tanzania, mwaka huo huo wa 1994, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua mjini Dodoma, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Bunge likajibu kwa kuibadilisha katiba. Unaweza kulilaumu Bunge, na wengi tumelilaumu, lakini jaji alirudi nyumbani salama na baadaye akapanda hadi Mahakama ya Rufani. Tofauti hiyo tusiichukulie kama jambo la kawaida.

Rwanda ilipata katiba mpya kwa kura ya maoni ya Mei 2003, na mashauri ya katiba yakawekwa mikononi mwa Mahakama ya Juu. Aprili 2019 mahakama hiyo, kwa ombi la wakili mmoja, ilifuta kifungu cha sheria ya jinai kilichofanya kosa kuwadhihaki viongozi kwa michoro na maandishi. Kifungu cha kumtukana Rais ilikibakiza. Wapo waliofurahi na wapo waliosema haikufika mbali. Hata hivyo, raia alikwenda na karatasi yake, majaji wakaisoma mbele ya watu, na sehemu ya sheria ikaanguka.

Kila Aprili 13, juma la maombolezo linapofungwa, viongozi wa Rwanda hukutana Rebero, mlima ulioko Kigali, kuwakumbuka wanasiasa waliokataa mpango wa mauaji. Jina la Kavaruganda limo. Ameingizwa kati ya wanasiasa, ingawa kazi yake ilikuwa kusoma. Sidhani kama angelalamika.

Jioni ile nilirudi Petite Barrière. Yule mama wa nyanya alikuwa akirejea na beseni tupu, ndani yake kipande cha kitenge na sabuni. Alimpa askari kitambulisho chake, naye akakitazama, akakigeuza, akakirudisha. Nilikuwa nyuma yake, nikachungulia bila aibu, kama sisi waandishi tulivyozoea. Palikuwa na jina, picha, jinsia na mwaka wa kuzaliwa. Mstari wa kabila haukuwapo. Mama akakifunga kwenye pindo la kanga, akajitwika beseni lake, akashika njia ya nyumbani.